Beetle PSX yasema BIOS haipo, na faili ninalo

padi_kijivu:
Wakuu, naomba msaada. Nina RetroArch, programu inayokusanya emuleta (programu zinazoiga mashine za gemu), kwenye Linux, nataka kucheza diski zangu za PlayStation ya kwanza. BIOS, yaani programu ya ndani inayoiwasha mashine, nimeitoa kwenye mashine yangu mwenyewe, modeli ya SCPH-5501 ya Marekani, nikaiita bios_yangu.bin na kuiweka kwenye folda ya system. Kati ya emuleta mbili za PlayStation nilizonazo humo, PCSX ReARMed inafungua gemu vizuri. Beetle PSX inagoma, inasema BIOS haipo. Mbona moja inaliona faili na nyingine hailioni?

mlinzi_wa_diski:
Mkuu, hakuna iliyoliona. PCSX ReARMed ina BIOS ya kuiga ndani yake, ndiyo maana gemu zinafunguka hata ya kweli ikikosekana. Beetle PSX haina huruma hiyo: inataka ya kweli, na inaitafuta kwa jina.

Liite scph5501.bin, herufi ndogo zote, maana Linux hutofautisha kubwa na ndogo. Kisha angalia ukubwa: lazima liwe na baiti 524,288 kamili. Halafu endesha md5sum, amri inayotoa alama ya kutambulisha yaliyomo kwenye faili (MD5). Jibu linaanza na 490f666e. Likija tofauti, usilitumie, rudi kwenye mashine ulitoe upya. Hapo nasisitiza sana, kwa sababu faili lenye kasoro linaweza kuwaka vizuri kisha likakuangusha katikati ya gemu, nawe ukailaumu emuleta bure. Na hongera kwa kuitoa kwenye mashine yako. BIOS ni mali ya Sony, na hiyo ndiyo njia ninayoiheshimu.

kasha_la_zamani:
Kama RetroArch yako ni ya Flatpak (mfumo wa kusakinisha programu kwenye Linux), folda yake ni nyingine, iko ndani ya .var/app/org.libretro.RetroArch. Usikisie, fungua mipangilio ya folda humo humo kwenye RetroArch usome njia iliyoandikwa.

padi_kijivu:
Ni Flatpak kweli! Nimebadili jina, nimehamisha faili, MD5 imelingana. Beetle inawaka. Ila diski moja ya Ulaya bado inakataa.

mlinzi_wa_diski:
Hiyo inataka scph5502.bin. Beetle huchagua BIOS kulingana na eneo la diski. Za Japani hutumia scph5500.bin. Kubadili jina la hilo la Marekani hakulifanyi la Ulaya, kwa hiyo subiri upate mashine ya huko uitoe. Kwa sasa diski hiyo ijaribu kwenye PCSX ReARMed.