Wi-Fi haipo baada ya kusakinisha Debian 12, modprobe inakataa moduli ya wl

Swali

Wakuu, habari. Siku ya pili hii nahangaika. Nimesakinisha Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux), sauti ipo, skrini iko sawa, ila Wi-Fi hakuna. Nimeunga simu kwa USB nipate intaneti, nikaweka broadcom-sta-dkms, kifurushi cha kiendeshi cha kadi za Wi-Fi za Broadcom, ikajijenga mpaka mwisho. Nikawasha upya, bado. Nikipiga `sudo modprobe wl`, amri ya kupakia moduli ya kiendeshi hicho kwenye keneli (kiini cha mfumo), napata:

`modprobe: ERROR: could not insert 'wl': Key was rejected by service`

Nimeifuta na kuiweka tena mara tatu. Je, kadi imekufa?

Jibu

Tuwekee matokeo ya `lspci -nnk` (orodha ya vifaa na viendeshi vyake), sehemu ya kadi ya mtandao. Na `dkms status` inasemaje? DKMS ndiyo inayojenga moduli kwenye mashine yako.

Muulizaji

Mstari wa "Kernel driver in use" haupo, upo tu wa "Kernel modules: wl". dkms inasema installed.

Jibu

Basi usifute tena, ndugu yangu. Kadi ingekuwa imekufa, lspci isingeiona. Na moduli imejengwa vizuri. Kilichobaki ni sahihi ya kidijitali ya hiyo moduli.

Secure Boot (ulinzi wa kompyuta unaokagua sahihi za programu inapowaka) ikiwa imewashwa, keneli haipokei moduli yoyote ambayo haina sahihi ya ufunguo inaoutambua. Zilizokuja na Debian zimeshatiwa sahihi. Hiyo wl imejengwa kwenye mashine yako, DKMS ikaitia sahihi kwa ufunguo wake yenyewe, na ufunguo huo kompyuta yako haijawahi kutambulishwa. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`. Ikijibu enabled, piga:

`sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`

Itakutaka utunge nenosiri. Tumia herufi za kawaida tupu, maana utaliandika tena mahali ambapo kibodi huchukuliwa kuwa ya Kimarekani, hata kama yako ni ya mpangilio mwingine.

Sasa washa upya na usiondoke mbele ya skrini. Kabla Debian haijaanza kupakia itatokea skrini ya bluu ikikuambia ubonyeze kitufe chochote, na inahesabu sekunde 10 tu. Mimi mara ya kwanza niliinuka kwenda kufungua mlango. Niliporudi ilikuwa imeshapita, nikamaliza jioni nzima nikidhani amri ndiyo niliyokosea. Chagua Enroll MOK (yaani sajili ufunguo), Continue, Yes, andika nenosiri, kisha Reboot.

Jibu

Si azime tu Secure Boot kwenye BIOS? Dakika moja kazi imekwisha.

Jibu

Itafanya kazi, sikatai. Lakini anaondoa ulinzi wa mashine nzima kwa ajili ya moduli moja. Ufunguo husajiliwa mara moja. Keneli mpya ikija, DKMS inajenga na kutia sahihi kwa ufunguo uleule, mradi tu awe na linux-headers-amd64, kifurushi kinachohitajika kujengea moduli za keneli.

Muulizaji

Skrini ya bluu nimeiwahi! Nikapiga `modprobe wl`, haikujibu neno, moyo ukaruka. Kumbe kunyamaza ndiko kukubali. Orodha ya mitandao imejaa, simu nimeshaichomoa, na ujumbe huu nautuma kwa Wi-Fi. Asante sana, mkuu.