Kuwauzia akina mama wa kijijini kazi zao mtandaoni: inawatoa kweli au ni stori za semina?

msukaji_mpya
Wakuu habari zenu. Naomba mawazo ya watu wanaoijua hii kitu kwa vitendo. Nina kikundi cha akina mama kijijini wanasuka vikapu na mikeka, kazi safi kabisa, ila wanamuuzia dalali anayekuja na gari anapanga bei anayotaka yeye, na kwa vile hawana pa kupeleka wanakubali tu. Wazo langu ni nifungue duka mtandaoni, nipige picha nzuri, tuuze moja kwa moja kwa mnunuzi wa mjini au hata nje ya nchi. Nimesoma habari za Wachina na vijiji vyao vinavyouza kwenye Taobao, soko la mtandaoni la kampuni ya Alibaba, eti 2009 vilikuwa 3 tu, kufika 2020 vikawa zaidi ya 5,000, nikasema mbona inawezekana. Simu baadhi wanazo, mtandao unashika ukisogea barabarani, mtaji kidogo sana. Nianzie wapi?

mzee_wa_parseli
Karibu mkuu. Anzia kwenye mzigo, duka baadaye. Kufungua ukurasa ni kazi ya jioni moja, kutoa kikapu kijijini mpaka mlangoni kwa mteja bila kupinda na bila nauli kula faida yote hapo ndo kuna kazi. Kikapu ni kitu cha ajabu kidogo, chepesi lakini kinakula nafasi, na wasafirishaji wengi wakiona boksi kubwa wanatoza kwa ukubwa sio kwa kilo. Kwahiyo fikiria vinavyoingiliana, kikubwa ndani kidogo ndani, au mikeka inayokunjika. Ulizia bei ya kusafirisha KABLA hujapanga bei ya kuuzia, wengi wanafanya kinyume.

Na hao Wachina uliowasoma, usichukue idadi tu. Kijiji kuitwa cha Taobao lazima mauzo ya mtandaoni yafike yuani milioni 10 kwa mwaka na kuwe na angalau maduka 100 hai, au asilimia 10 ya kaya ziwe zinauza. Kile cha Dongfeng pale mkoa wa Jiangsu kilianza na kijana mmoja aliyerudi kutoka mjini, 2006 akafungua duka mtandaoni, baadaye akageukia fanicha, majirani wakamuiga, kampuni za kusafirisha zikaona mzigo upo zikafuata. Barabara ilikuwepo na mbao hazikuwa mbali. Yule kijana alikuwa na vitu ambavyo hao mama zako hawana.

hesabu_kwanza
Naongezea hapo kwa mzee. Kuna wachumi walifanya utafiti mkubwa huko huko China, ulichapishwa 2021, serikali na Alibaba walikuwa wanapeleka biashara ya mtandao vijijini, vituo vya kupokea na kutuma mizigo, kila kitu, na vijiji vikachaguliwa kwa bahati nasibu ili walinganishe. Matokeo sasa: kipato cha wazalishaji wa vijijini hakikuonekana kupanda. Waliofaidika ni wachache, hasa vijana na wenye uwezo zaidi ya wenzao, tena walifaidika kwa KUNUNUA vitu kwa bei nafuu sio kwa kuuza. Faida kubwa ikaonekana kwenye vijiji ambavyo kabla ya hapo parseli zilikuwa hazifiki kabisa. Kwahiyo swali lako la kwenye kichwa cha mada, kama inawatoa kweli, jibu lake ni: kuunganishwa peke yake hakumtoi mtu.

Halafu kuna kitu hujasema na naomba ujibu kwa ukweli. Akaunti ya duka itakuwa kwa jina la nani? Hela itaingia kwenye laini ya nani? Maana kama ni wewe mwenye simu, wewe mwenye pasiwedi, wewe unaongea na mteja, wewe unajua kikapu kimeuzwa bei gani, basi dalali wa gari ameondoka amekuja dalali wa mtandao, samahani lakini.

msukaji_mpya
Duh. Hapana usiombe samahani. Nilipanga mwanzoni iwe kwangu kwa sababu wengi wao simu ni ya mzee wa nyumbani au ni ya kitochi, nikasema wakizoea nitawaachia.

hesabu_kwanza
"Wakizoea" huwa haifiki. Takwimu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, za 2023 zinaonyesha kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati wanawake wako nyuma ya wanaume kwa asilimia 15 kwenye kutumia intaneti ya simu, na hiyo ni wastani tu, vijijini usiseme. Simu ikiwa ya mume, oda anaiona mume na hela anaiona mume. Mimi ningetumia hela ya kwanza ya kikundi kununua simujanja moja ya kikundi, laini isajiliwe kwa jina la mama mmoja waliyemchagua wao, na kila mmoja awe na laini yake ya kupokelea malipo hata kama simu ni ya kitochi, pesa ya simu haihitaji intaneti. Unaona M-Pesa, ilianza Kenya 2007, wachumi Suri na Jack wakakadiria (2016) kwamba ilitoa kaya kama 194,000 kwenye umaskini na wanawake kama 185,000 wakahamia kwenye biashara kutoka kilimo. Hapo hakuna duka la picha nzuri, ni mwanamke kuwa na mahali pa kuweka hela yake ambapo haionekani kwenye kopo la jikoni.

binti_wa_oda
Mi napingana kidogo na wote mnaowaza mteja wa mbali. Nje ya nchi kunavutia lakini hesabu zinauma, mfano Etsy, soko la mtandaoni la Marekani la vitu vya mikono, wanakata asilimia 6.5 ya mauzo tangu 2022, na wanakata mpaka kwenye nauli uliyomtoza mteja, bado ada ya malipo, bado riteni, yaani mzigo kurudishwa, mtu akisema rangi sio ile ya pichani. Kikundi kichanga hakiwezi kubeba riteni.

Angalieni SEWA wa India, chama cha wanawake alichoanzisha Ela Bhatt 1972 kule Ahmedabad. Wana mtandao wao unaitwa RUDI, unanunua mazao kwa wakulima wadogo, wanawake wanasafisha wanafungasha, na wanawake wengine wanapita nyumba kwa nyumba vijijini kuuza. Oda wakaanza kuzituma kwa simu badala ya muuzaji kusafiri mpaka ghalani kuulizia stoku. Simu ya kawaida hiyo. Teknolojia ilienda pale penye usumbufu, na mteja ni jirani wa kijiji cha pili.

Kwa hiyo msukaji, kabla ya picha waulize wao siku inapotea wapi. Labda ni kufuata malighafi, labda ni kumsubiri huyo dalali bila kujua anakuja lini. Unaweza kukuta grupu la WhatsApp na maduka matatu manne ya mjini wanaotoa oda kila mwezi linawafaa kuliko duka la dunia nzima. Oda ya duka inajirudia, mteja wa mtandaoni kikapu kimoja kinamtosha.

mzee_wa_parseli
Hapo kwa binti nakubali, oda ya jumla nauli inagawanyika. Ila wakubaliane vipimo kwanza, kila mama asuke kwa fimbo ya urefu mmoja, duka likiagiza 40 zinazofanana ukapeleka 40 kila kimoja na umbo lake hawarudi tena.

msukaji_mpya
Sawa wakuu. Kikao chao ni Jumamosi, nawapelekea suala la laini na la vipimo waamue wenyewe, duka la nje naliweka pembeni. Binti, hao wa maduka ya mjini unawaendea na sampuli mkononi au unaanza na picha?

binti_wa_oda
Sampuli. Picha wanatumiwa kila siku hawafungui hata. Na nenda na mama mmojawapo, bei aitaje yeye.