Naomba ushauri: nifanyeje kijana huyu atambuliwe kwa kazi yake?

Hamjambo ndugu zangu. Nina mkahawa mdogo hapa Kisumu, karibu na barabara ya Oginga Odinga. Mwaka jana binti mmoja wa miaka 26 aliupanga upya ndani. Kaunta aliigeuza ili foleni isizibe mlango. Madirisha yanayotazama ziwa, ambayo jua la alasiri lilikuwa linawahamisha wateja meza, aliyatundikia mapazia ya mafunjo. Vivuli vya taa ni vya gugumaji, lile lile linalowatesa wavuvi wetu. Saa kumi jioni mwanga huanguka sakafuni kwa mistari myembamba, na watu hawataki kuondoka.

Kinachoniuma ni kwamba wageni wakisifu, sifa zinakuja kwangu au kwa seremala. Yeye hatajwi.

Nataka kuweka kibao chenye jina lake ukutani, ila niandike cheo gani? Bado hajasajiliwa kama msanifu majengo, na kwa sheria ya Kenya jina hilo ni la waliosajiliwa tu. Sitaki kumtia matatani.

Pia, kuna aliyewahi kupeleka kazi ya kijana kwenye mashindano ya tuzo? Msanifu majengo Francis Kéré alipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004 kwa shule ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, jengo lake la kwanza kabisa. Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, ikafuata 2022. Nianzie wapi: picha, michoro, au barua yangu kama mteja? Na mpiga picha mzuri wa majengo huku kwetu magharibi hutoza kiasi gani?