Dume ananyemelea watoto wa paka, nifanyeje?

MamaTai: Jamani nisaidieni, paka wangu amezaa wanne jana usiku huku Section 58, Nakuru, sasa dume wa hapa nyumbani ananusanusa katoni na mama anavimba manyoya ananguruma mpaka sijalala. Anaweza kuwaua kweli?

OmenaFresh: Anaweza dada, usibahatishe. Hamisha mama na katoni chumba chenye mlango unafungika vizuri, maji, chakula na mchanga wa choo viwe humo humo ndio asitoketoke. Huku Kisumu mi humchemshia omena (dagaa) bila chumvi, anayenyonyesha hula sana.

Jirani_Naka: Na usiwashikeshike ovyo, akisumbuliwa atawabeba kwa shingo awafiche hata juu ya dari. Baridi ya Nakuru nayo si mchezo, weka sweta kuukuu ndani, maana bado hawawezi kujipasha joto.

MamaTai: Asanteni sana, wako stoo tayari, mama ametulia. Dume atawaona lini?

OmenaFresh: Ngoja wakimbie vizuri, kama wiki 8 hivi, na ukiwa hapo unaangalia. Huyo dume mpeleke kwa daktari wa mifugo ahasiwe mapema, mama anaweza kushika mimba tena hata akiwa ananyonyesha.