Nimeuziwa taa ina "cheti cha usalama", kumbe cheti ni cha kutosumbua redio!

Wakuu, nina hasira na leo sizifichi.

Mke wangu alikuwa anafuta vumbi kwenye taa ya ukutani, ya bati jeusi, ikiwa inawaka. Shoti ikampiga, kitambaa kikaruka. Kilichomwokoa ni RCD, ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30 kwenye boksi la umeme, ikajikata palepale.

Nikaishusha mwenyewe. Tundu ambalo waya unapitia kwenye bati halijasawazishwa wala kuwekewa mpira, lina makali kama kopo la maziwa lililofunguliwa kwa kisu. Ganda la waya limechubuka pale pale, shaba inang'aa, imegusa bati. Mahali pa kufunga ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, hakuna. Waya wa kijani na njano unaotoka ukutani, fundi aliuzungushia utepe akausokomeza ndani. Ndiyo, fundi naye ana kesi ya kujibu, asingekubali kuifunga taa ile. Lakini hata angetaka kuufunga, angeufunga wapi? Bati likishika umeme halafu ethi haipo, umeme unakaa kimya unasubiri mtu. RCD yenyewe haijui kitu mpaka mtu aguse.

Sasa cheka kidogo: nyuma kuna stika yenye alama ya kiboksi ndani ya kiboksi. Maana yake taa ina kinga maradufu, haihitaji ethi. Kinga maradufu gani, wakati kati ya umeme na bati kulikuwa na ganda moja tu la plastiki, nalo unaweza kulichuna kwa kucha?

Nikamwandikia muuzaji. Akanijibu kwa mbwembwe, "Bosi, mzigo wetu wote una cheti," akatuma PDF yenye mhuri mkubwa mwekundu. Namba ya modeli si ya taa yangu, hata herufi za mwanzo hazifanani. Viwango vilivyotajwa ni viwili, EN 55015 na EN 61547. Nikakaa nikasoma. Cha kwanza kinapima kama taa inatoa mawimbi ya kusumbua redio. Cha pili kinapima kama taa yenyewe inavumilia kusumbuliwa. Basi! Yaani mke wangu apigwe shoti, lakini redio ya jirani isikwaruze.

Usalama wa taa uko kwenye kiwango kingine, IEC 60598. Huko ndiko wanakopima kama kuna kinga kati ya umeme na bodi ya taa, kwa volti karibu 1,500 kwa taa ya bati yenye ethi. Wanapitisha ampea 10 kutoka bodi hadi ethi, na ukinzani usizidi omu 0.5. Na waya hauruhusiwi kupita kwenye ukingo mkali. Taa yangu isingefika hata kwenye mashine, mpimaji angeitupa kwa kuiangalia tu.

Nikamuuliza ripoti ya 60598 iko wapi. Akasema, "Si unaona CE hapo?" Jamani, CE ni alama ya kudai bidhaa inatimiza sheria za Ulaya, na kwenye taa za nyumbani mtengenezaji anajibandikia mwenyewe kwa tamko lake. Sheria ya Ulaya, 2014/35/EU, haimlazimishi kupeleka taa kwenye maabara huru. (Na zile hadithi za CE ya herufi zilizobanana kuwa ni alama ya China, tuachane nazo, zinatupoteza. Hata CE iliyochorwa vizuri kabisa haisemi nani alipima.) Alama kama UL au ENEC ndizo zina taasisi nyuma yake, na unaweza kwenda kutafuta jina la mtengenezaji kwenye orodha yao. Ndiyo maana wanaokwepa hawazibandiki, au wanazibandika wakijua hutatafuta.

Kurudishiwa pesa? "Umeshaifungua, garantii imekufa." Kwa hiyo nisipofungua sioni kosa, nikifungua nimepoteza haki!

Nilinunua nne. Zile tatu nyingine nimezishusha pia. Moja waya wake umeanza kuchubuka palepale, nyingine mbili bado kidogo. Zote ziko mezani, picha naweka hapo chini.

Asubuhi hii nimepitia tangazo lake. Taa ni ile ile, picha ile ile, ila ameongeza maneno mapya kwa herufi kubwa: ZIMEPIMWA MAABARA.