Mjadala: Je, ni haki kumshauri mtu asiye fundi ahamie Linux?

Mleta mada: Wadau, tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kila anayelalamika anajibiwa neno moja: weka Linux, yaani mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Kompyuta nyingi nzima kabisa zinakataliwa na Windows 11 kwa kukosa chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, au kwa kuwa prosesa yake haimo kwenye orodha inayokubaliwa. Kuzitupa ni uharibifu, hapo sina ubishi.

Ninachobishia ni namna tunavyoshauri. Kwangu mimi, anayemwambia mtu ahame huku hayuko tayari kuulizwa maswali mwezi ujao, anamtelekeza. Siku ya kwanza haina shida: Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, ina menyu chini kushoto, Firefox ipo, picha zinafunguka. Shida inakuja siku printa inapogoma. Mtu anatafuta jibu mtandaoni, anakuta mstari wa amri unaoanza na sudo, anaubandika bila kujua kwamba neno hilo linaipa amri mamlaka yote juu ya kompyuta. Anaweza kuharibu mfumo mzima akidhani anatengeneza printa.

Na kuna jambo tunalopita mbio mno: wakati wa kusakinisha, moja ya chaguo ni kufuta diski yote. Asiye fundi haelewi kwamba "diski yote" ni pamoja na picha za wanawe. Nakala za faili zihifadhiwe kwanza kwenye diski ya nje, na mshauri ahakikishe kwa macho yake kwamba zinafunguka.

Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza: Siafiki. Hata msaidizi akikaa naye mchana kutwa, kazi yake itakwama. Photoshop, programu ya kuhariri picha, haina toleo la Linux, Microsoft Office ya kusakinisha vilevile. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamishia Linux kompyuta zaidi ya 14,000, likiwa na mafundi wake, na mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Mtu mmoja nyumbani ataweza wapi?

Mchangiaji wa pili: Munich tunaitaja kila mara, lakini jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilianza kutumia Ubuntu, toleo jingine la Linux, mwaka 2008 na likaendelea nayo. Tena mabadiliko haya hayaanzi leo. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kitufe cha Start kiliondolewa, watu wakapotea ndani ya mfumo waliouzoea, na hakuna aliyesema wasiuguse mpaka wapate mlezi. Mleta mada anawadharau watu wazima. Weka mfumo kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo bila kugusa diski, jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Kikigoma kitu, chomoa, Windows yako iko palepale.

Mleta mada: Ushauri wa flashi naupokea wote, bila jaribio hilo mtu asihamishwe. Ila flashi inakuonyesha vifaa tu. Haikuonyeshi kwamba hati iliyoandikwa kwa fonti ya Calibri itafunguka kwa fonti nyingine ndani ya LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia hati. Iko fonti ya Carlito, imetengenezwa kwa vipimo vilevile vya Calibri ili mistari isihame. Isipokuwepo, kurasa zinavurugika, na anayetuma barua ya kazi hatajua kosa liko wapi.

Kwa mchangiaji wa kwanza: anayeishi kwa Photoshop abaki alipo, tumwache kabisa. Lakini wako wengi ambao kompyuta yao yote ni kivinjari, barua pepe na hati chache. Hao ndio ninaowatetea, na sidhani ni dharau kusema wanahitaji mtu. Windows 8 iliwapotezea kitufe, ila jirani yeyote aliweza kuwasaidia kwa sababu naye alikuwa nayo. Kwenye Linux jirani huyo mara nyingi hayupo.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mliowahi kumhamisha mtu: alipokwama, alimpigia nani?