Mjadala: Mfumo wa DSLR, kamera zenye kioo ndani, unaachwa. Anayeanza kazi ya picha Nairobi aununue?

Hoja:

Kila kijana anayetaka kuanza kupiga picha za harusi hapa mjini anaonywa asiguse DSLR, eti mfumo unakufa. Napinga.

Ni kweli tangu 2018 Canon na Nikon wamehamia kamera zisizo na kioo. Lakini lenzi za EF, za DSLR za Canon, zilizoanza 1987, hazikutupwa. Canon wenyewe walitoa adapta ya kuzifunga kwenye kamera zao za RF, zile zisizo na kioo, na fokasi inajiendesha kama kawaida. Nina lenzi ya 50mm ambayo pete yake imelegea kwa kazi, rangi imebanduka ukingoni, na bado inanilisha ruracio (sherehe ya mahari) baada ya ruracio. Siku nikibadilisha kamera nitahama nayo. Hata betri ya LP-E6 iliyokuja na DSLR ya Canon 5D Mark II mwaka 2008 inaingia kwenye R5, kamera ya RF.

Kabla ya kulipa, uliza: mfumo ukizikwa, lenzi zangu zitahamia wapi? EOS M ya 2012, ya Canon isiyo na kioo na yenye lenzi za EF-M, ni kamera ndogo, tamu mkononi, na inauzwa bei ya kushawishi. Iache. Kati ya lenzi na sensa EF-M ina milimita 18, RF ina 20, kwa hiyo adapta haina pa kukaa. Lenzi zako zitabaki hapo hapo.

Jibu, kutoka Kasarani:

Kaka, lenzi sawa, na kamera yenyewe je? Yangu ya mtumba ilikwama shata, pazia linalofunguka kupiga picha, bibi harusi ameshika kisu cha keki. Nilimalizia kwa simu, nikarudisha nusu ya malipo. Fundi aliniambia nisubiri atoe kipuri kwenye kamera nyingine iliyokufa. Nilisubiri wiki tano. Anayenunua kwa mkopo wa chama hana kamera ya pili. Huyo unamwambia nini?

Mwenye hoja:

Pole sana, dada. Hapo umenishika, na sitabisha. Mwenye kamera moja asikubali kazi ya harusi bila kuazima ya akiba. Na asitoe pesa kabla ya kujua shata imepiga mara ngapi. Shata ya 5D Mark III ilikadiriwa kupiga mara 150,000. Ukikuta imefika 140,000, irudishe mezani hata muuzaji akupunguzie vipi.